Kifungua Mlango

Nikaha ilisomwa asubuhi, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
halua ikaisha kabla ya dua.
Karamu, wakasema, ni saa moja jioni, Raskazoni,
kwenye ile nyumba ya Mjerumani iliyopakwa chokaa upya,
yenye baraza juu na baraza chini
na kibao cha shaba kinachotaja mwaka,
hakitaji nani alibeba mawe.

Mishi amekuja kwa ndege mbili na basi moja, kutoka Malmo,
aolewe na Ashirafu, mtu wa Bukoba,
aliyekuwa akiijua Tanga kwenye simu tu.
Wageni arobaini, mabegi ya magurudumu, kofia za ukili,
wanauliza kama mkonge unaliwa.
Sikucheka. Mimi ni shangazi,
shangazi hucheka harusi ikishakwisha.

Mlangoni, kijana mwenye waya sikioni
akanisoma kuanzia mtandio hadi ndala.
"Mama, wa jikoni wanapitia nyuma.
Hapa pana zulia, ni pa kupigia picha."
Nilikuwa na sinia la sambusa kichwani. Sikumwambia mimi nani.
Njia ya nyuma niliijua kabla hajazaliwa,
ingawa sikuwahi kuikanyaga.

Baba yangu, Mbaruku, alimpandishia Bwana Stavro maji ya kuoga,
madebe mawili alfajiri, madebe mawili magharibi,
miaka kumi na mmoja.
Sisi wanawe alitufundisha hesabu kwa ngazi hiyo:
moja, mbili, tatu, polepole usimwage,
na kidato cha kumi na nne, mwanangu, kiruke,
kinalia, na bwana amelala.
Darasa la kwanza nikahesabu mbele ya watu:
kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tano.
Nilichapwa. Kovu ninalo.

Nikapanda. Kumi na tatu. Nikasimama,
nikashusha pumzi,
kisha nikakikanyaga kwa uzito wangu wote,
uzee na sambusa juu yake.
Kikalia: *kwaaa!*
Hakuna aliyeamka.

Nikapita jikoni, nikapita ukumbini,
nikautokea mlango wa mbele kwa ndani.
Nikavua kanga moja (jina lake silisemi hapa),
nikaifunga mhimili kwa mhimili,
nikaketi kizingitini.
Matarumbeta hayo yanakuja, bwana harusi huyo, jasho limemlowesha shingo.
"Mama, ratiba!" kijana wa waya analia.
Ratiba ni mimi.

Ashirafu akatoa elfu kumi. Nikatazama dari.
Elfu ishirini. Dari ya mninga, kweli kazi ya watu.
Na wanawake wa Ngamiani, wote waliopitishwa nyuma,
wakanijaa mgongoni kwa vigelegele, hapapiti hata inzi.
Rafiki zake wa Malmo wakapekua pochi, hawajui wanalipia nini,
wanacheka, wanalipa.
Laki moja na sabini. Nikafungua kanga.
Mishi alikula pilau kwa mkono, gauni lote likapata mchuzi.

Jumatatu ikaja ankara ya nyumba:
*Kidato cha 14, ngazi ya nyuma, kimevunjwa na mgeni: 150,000.*
Kaka zangu wakaanza kutupiana macho.
Ningeweza kubisha. Kilikuwa kibovu tangu enzi za senti yenye tundu.
Nikaenda mwenyewe, nikalipa kwa pesa ya mlango,
noti kwa noti, nikidai risiti.

"Jina lako, mama?"
Silo langu. Andika Mbaruku bin Kombo.
Herufi kubwa, usiharakishe.
Akaandika. Nikaona wino ukikauka
kwenye karatasi yenye picha ya nyumba ile juu.
"Na namba yake ya simu?"
Nikamwambia: hapo
acha wazi.